Kiberiti Nilichokikataa

Wiki iliyopita mlikuja kwangu watatu kuniambia habari za kiwanja chenu kipya kule nyuma ya mtaa wa Mikelenge, mkaniuliza, "Baba Asumani, njia gani ni bora ya kusafisha pori?" Mmoja wenu alishika chupa ya dawa ya kupulizia majani. Mwingine alinionyesha kwenye simu picha ya mashine ya kufyekea. Mlitaka neno moja mwende zenu, sikuwapa, mkaondoka mmenuna. Sasa nawaandikia, na neno moja hamtalipata hata hapa. Mtu anayekupa njia moja kwa kila pori, ama hajawahi kushika panga, ama ana kitu anakuuzia.

Mimi nilifyeka miaka yangu yote ya kazi, hapa Kindu na pembezoni mwake, enzi zile nchi ikiitwa Zaire na kila mtu akiitwa sitwayeni, yaani raia. Nilianza kibarua, nikawa kapita, yaani msimamizi wa kikosi, halafu nikarudishwa kibarua, na kibarua ndivyo nilivyostaafu. Wapo wanaodhani nikifika hapo kwenye kurudishwa nitateremsha sauti. Siteremshi. Ketini, niwaeleze.

Lakini nianze na aibu yangu ya kweli, maana hiyo ninayo, na ilinipata kijijini Tunda, kwa wakwe zangu.

Nilikuwa nimeoa mwaka huohuo. Kwetu, mwanamume akishaoa humfyekea mama mkwe wake shamba moja, na watu wote wa kwao huja kutazama kazi ya mkono wake. Mama mkwe wangu, Mama Zaina, alinionyesha kipande kilichojaa yale majani makali yanayofika kifuani, yanayokatakata mikono hata kabla hujaanza kazi. Mashemeji zangu walikuwa wamejiandaa kunicheka wiki nzima. Nikasema moyoni, mtanitambua. Nikangoja upepo utulie, nikawasha moto pembe moja, na kabla ya adhuhuri kipande kizima kilikuwa cheusi na safi. Nikanawa mikono, nikaomba maji ya kunywa. Shemeji mmoja alinisifu mpaka nikaona aibu.

Mvua ya kwanza iliponyesha, lile jivu likaota kijani kibichi kizuri ajabu. Mke wangu alisema linapendeza. Mimi nikasema ndiyo, ardhi imenipenda. Mama Zaina akapanda muhogo wake, nasi tukarudi Kindu.

Lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Zamani zetu, mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni, wala mama mkwe hakutaja jina la mkwe wake. Akiwa na neno la kukuambia, alimtuma mtu. Kama mtu hayupo, aliliambia kitu chochote kilicho karibu, nawe ukasikia. Mama Zaina alipenda kutumia kuku.

Muhogo ulipokomaa, alikuja Kindu kwa treni na kikapu kichwani. Nilikuwa ndani, nanoa panga. Hakuingia. Aliweka kikapu kizingitini, akatoa muhogo mmoja mnene, akauinua juu ili niuone vizuri. Mzizi mweupe wenye ncha ulikuwa umeingia upande huu ukatokea upande wa pili. Akatoa mwingine, na huo umetobolewa mara tatu. Kila alioutoa ulikuwa na tundu, na kila tundu lilikuwa limeanza kuoza. Kisha akamgeukia kuku aliyekuwa anachakura pale mlangoni.

"Kuku," akasema, "ambia mukwe wangu, majani yake imekula muhogo yangu yote. Ambia yeye, kazi yake ilikuwa muzuri sana ya kutazama."

Kuku akaenda zake. Mimi nilibaki na tupa mkononi, nikatamani sakafu inimeze. Mwaka ule nyumba yake ilikula kwa kuombaomba kwa majirani, na aliyeiponza ni mimi. Nilichukua ule muhogo uliotobolewa mara tatu, nikauning'iniza juu ya meko. Ukakauka kwa moshi, mzizi ukiwa bado ndani yake, ukawa mgumu kama gogo. Mke wangu aliuliza mara nyingi kwa nini situpi uchafu ule. Sikuutupa.

Basi, vijana wangu, somo la kwanza hilo. Majani yale moto hayauogopi. Unakata kichwa tu. Mizizi iko chini, imelala kwenye ubaridi, na ukishaondoa yote yaliyokuwa yanaizibia jua unakuwa umeitandikia meza.

Aliyenifundisha la kufanya badala yake ni Mzee Lubunga, kapita wangu wa kwanza. Msidhani alikuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa na mguu mmoja mbovu na mdomo mchafu, na alitafuna kokwa za kola tangu asubuhi mpaka jioni. Kila tulipopewa pori jipya, siku ya kwanza alikusanya mapanga yote, akayatia kwenye gunia, akalikalia. "Leo munatembea," alisema. "Mwenye kutaka kukata, akate kucha."

Tulizunguka. Alitaka kila mmoja wetu arudi na mambo manne: majani gani yameota, mizizi yake ikoje, udongo unanuka nini, na nini ndani ya pori hilo kilipandwa na mkono wa mtu. Hilo la mwisho ndilo wengi walilisahau. Ukikuta mlimao katikati ya kichaka, au mistari ya mimea ambayo haikujipanda yenyewe, ujue hapo palikuwa na nyumba, au pana kaburi, au mpaka wa watu. Unasimama, unauliza. Mimi siku moja niliangusha mimea ya mpaka kati ya ndugu wawili, na ndugu hao waliokuwa wamenuniana miaka wakapatana papo hapo ili wanifukuze mimi kwa pamoja.

Lubunga alitufundisha kwamba kila pori lina njia yake. Matete hayafyekwi tu, unakata chini kabisa kisha unang'oa shina lote kwa jembe, na unaligeuza mizizi juu ili jua limalize kazi. Mitambaazi iliyopanda mtini usiivute hata siku moja. Ikate kwenye shina, iache ikauke juu yenyewe, kwa sababu ukivuta, tawi bovu linakuja nayo na kichwa chako kiko chini. Kichaka cha miti myepesi, ile yenye majani mapana, ni habari njema, udongo wake umepumzika. Fyeka vya chini kwanza, angusha miti baadaye, acha visiki vya magotini ili vishike udongo. Hapo moto unaruhusiwa, lakini kwa mafungu madogo yaliyokauka, na baada ya kusafisha njia pana pande zote. Mnaona? Sikuchukia moto. Nilichukia uvivu uliojificha nyuma ya moto.

Kwa yale majani makali alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ubao na kamba. Unafunga kamba kwenye ncha zote mbili za ubao mzito, unashika kamba kama mtu anayeshika mikono ya toroli, unakanyaga ubao, unainua, unasogea, unakanyaga tena. Majani yanavunjika kiuno lakini hayakatiki. Yakikatwa yanaota upya kwa hasira. Yakilazwa yanakaa chini yakijizibia jua yenyewe. Unarudia baada ya siku kadhaa, kisha unapanda viazi vitamu vitambae juu yake, na muhogo unangoja msimu unaofuata. Njia ya pili ni jembe, kuchimba kila mzizi na kuuanika. Inaua mgongo, lakini inaua majani pia.

Na buldozeri? Niliiona ikifanya kazi kwenye njia ya kwenda Kampene. Kwa siku moja ilimaliza kazi yetu ya mwezi, nasi tukasimama tumeshika mapanga kama wageni. Ilichukua pori, ikachukua na udongo wote mweusi, ikausukumia bondeni. Baadaye watu walipanda nyanya pale, wakavuna mawe. Lubunga alitema kola yake akasema neno ambalo siwezi kuliandika mbele yenu.

Lubunga mwenyewe hakuwa malaika. Mara moja alitukaripia kwa kuogopa kichaka, akaingia wa kwanza ili atuonyeshe, akakanyaga nyumba ya nyigu. Sijawahi kuona mguu mbovu ukikimbia vile. Alitupita sote mpaka mtoni, akakaa majini na kofia yake kichwani, akatukana nyigu, akatutukana sisi, akatukana na kofia.

Alipostaafu yeye, nikawekwa mimi kuwa kapita. Ndipo likaja lile pori la karibu na njia ya mtoni.

Lilikuwa kubwa, limeachwa tangu vita vya zamani, lote majani makali. Amri ilitoka juu kwamba lisafishwe, ligawanywe mistari, na kila mstari upewe mama mmoja wa mtaa alime muhogo. Wengi walikuwa wajane. Mama Zaina naye alikuwa miongoni mwao, maana baba mkwe alishafariki na mama huyo alikuwa amehamia kwetu, kibanda cha nyuma. Kwa wanawake hao mstari ule ulikuwa chakula cha nyumba. Na mwanamke ambaye mstari wake ungeharibika, angenyang'anywa. Hivyo ndivyo ilivyotangazwa.

Mimi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikakusanya mapanga, nikayatia kwenye gunia, nikalikalia. Siku ya pili Komiseri, mkubwa wa serikali wa eneo letu, akafika na gari lake. Simtaji jina, na halitawasaidia kitu. Alivaa abakosi, lile koti la wakubwa lisilo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, na beji ya chama kifuani.

"Kapita, njo nini hii? Siku mbili, hata jani moja haijaanguka!"

"Sitwayeni Komiseri, tuko tunaangalia pori."

"Munaangalia nini? Majani njo majani. Tia moto. Wageni wanafika Jumamosi, wanataka kuona shamba."

"Jumamosi haiwezekani. Hii majani tunailaza na ubao, tunapanda viazi. Muhogo njo mwaka kesho."

"Mwaka kesho!" Akawageukia watu wangu. "Munasikia? Wageni watakuja mwaka kesho?"

"Sitwayeni, moto inakata kichwa tu. Mizizi iko chini, inangoja mvua. Wamama watapanda, na hii majani itatoboa muhogo yao yote."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu aliniambia. Miye mwenyewe nilichoma ya namna hii pale Tunda. Niliharibu shamba ya mama mukwe wangu."

Vibarua wakaangua kicheko. Komiseri hakucheka. Alinyoosha mkono kwa dereva wake, akapewa kiberiti, akanisogezea.

"Kamata. Washa."

Nawaambia ukweli, miguu ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa na watoto wanne na cheo kidogo nilichokipenda sana. Lakini mbele ya macho yangu niliuona ule muhogo uliotobolewa, na sauti ya Mama Zaina ikimwambia kuku kwamba kazi yangu ni nzuri ya kutazama.

"Hapana, Sitwayeni."

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Kama unataka kuchoma, mukono uko nayo."

Nilitiwa kasho, yaani mahabusu, siku tatu. Mke wangu aliniletea chakula, na kila mara alisema mama yake hajauliza kitu. Nilipotoka, pori lilikuwa limekwisha chomwa. Wageni walikuja Jumamosi, wakaona uwanja mweusi uliopigwa mistari ya kamba, wakapiga makofi, wakaondoka. Nami nikarudishwa kwenye panga, chini ya kapita mwingine aliyekuwa mtoto wangu kikazi. Yule maskini alishindwa hata kunitazama.

Wanawake waliamriwa kupanda wiki iliyofuata, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Wote wakapanda kwenye jivu, isipokuwa mmoja. Mama Zaina alikwenda kwenye mstari wake, akainama, akaanza kuchimba mizizi kwa jembe. Msimamizi wa salongo alimkaripia. Akasema amri ni kupanda. Mama Zaina akamwambia kwamba yeye mzee, masikio yake hayasikii vizuri, akaendelea. Alichimba Jumamosi ile, akachimba na siku nyingine zote, wiki baada ya wiki, kipande kidogo kila siku. Mizizi aliianika kwenye njia ambayo gari la Komiseri lilipita. Nilitaka kumsaidia, mke wangu akanizuia. Alisema, "Mama amesema huu njo mustari wake." Alipanda mwisho kabisa, wakati muhogo wa wenzake ulikuwa umeshafika magotini, na baadhi yao walimcheka.

Mavuno yalipofika, kicheko kilikwisha. Mistari yao yote muhogo ulikuwa umetobolewa. Wanawake walikaa kwenye matuta wakilia, na tangazo likatoka haraka: walioharibu mistari yao kwa uvivu watanyang'anywa.

Komiseri akaniita ofisini. Safari hii alikuwa mpole, aliniwekea hata kiti. Alisema wageni watarudi, na lazima pawepo maelezo. Ningesimama kesho mbele ya bendera, mbele ya vibarua wote na wanawake wa mistari, niseme kama mtu anayeijua kazi kwamba moto ulikuwa njia sahihi na wanawake ndio hawakupalilia. Nikisema hivyo, narudi kuwa kapita siku hiyohiyo. Nilimshukuru kwa kiti, nikatoka. Alidhani nimekubali.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama Zaina kizingitini na kikapu. Aligeuza uso pembeni, kama kawaida. Akatoa muhogo mmoja, akaukata katikati kwa kisu. Ulikuwa mweupe mpaka ndani, hauna tundu, hauna doa. Akamtafuta kuku. Hakuwa yule wa zamani, kuku wengi walipita katika kazi hiyo.

"Kuku," akasema, "ambia mukwe wangu, hii njo ya mustari ya moto. Mizizi niliyotoa ilijaza vikapu, nilishindwa kuhesabu. Ambia yeye, moto haikusafisha kitu."

Nilishusha ule muhogo wa Tunda kutoka juu ya meko, nikapangusa masizi.

Asubuhi tulisalimu bendera, tukaimba nyimbo za chama, kisha Komiseri akanipa ishara. Nikapanda pale juu na mfuko wangu. Niliinua muhogo wa kwanza, mkavu, mweusi, na mzizi umetokeza pande zote.

"Huu njo wa kwangu," nikasema. "Nilichoma, nikaharibia mama mukwe wangu. Haikuwa uvivu yake. Ilikuwa ujinga yangu."

Nikainua wa pili. "Huu umetoka hapa, ndani ya shamba iliyochomwa. Mwenye kuulima alikataa amri ya kupanda. Alichimba kwanza. Hawa wamama wengine walitii, wakapanda siku walipoambiwa. Waliotii njo walioharibikiwa. Sasa mutawanyang'anya kwa sababu gani? Kwa kutii?"

Kisha mama mmoja nyuma akaanza kupiga vigelegele, na mwingine, na vibarua nao wakapiga mapanga bapa kwa bapa. Komiseri alisimama pale amekunja uso. Kumkamata mtu kwa kuinua mihogo miwili mbele ya mtaa mzima kulimshinda. Akaingia garini. Tangazo lile halikutajwa tena, wanawake walibaki na mistari yao, na msimu uliofuata walitumia ubao na kamba, nikiwaonyesha kila Jumamosi.

Cheo sikurudishiwa. Sikukiomba. Panga nililiwekea mpini mpya, na nikalitumia mpaka mwisho wa kazi yangu. Kwa hiyo msinijie na chupa na picha mkidai jibu la haraka. Nendeni kwenye kiwanja chenu mikono mitupu, mzunguke siku nzima, mng'oe, mnuse, muulize ni cha nani kilichopandwa. Mkirudi na majibu ya Lubunga, nitawaambia kama chupa yenu inafaa. Na akitokea mkubwa wa kuwaharakisha ili wageni wapige makofi, mumwambie hapana. Miguu itatetemeka. Mwambieni hivyohivyo.

Siku ile ya bendera nilirudi nyumbani mapema, sina cheo, sijui kama jioni watanifuata. Mama Zaina alikuwa ameketi uani kando ya sufuria. Nikageuza uso ili nipite. Akaniita.

"Asumani," akasema, akinitazama usoni. "Kuja kula."

Kuku alikuwa hapohapo, miguuni pake. Hakumtuma.